Siri ya mgonjwa wa akili inajulikana na kila mtu isipokuwa mgonjwa mwenyewe

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mdogo wangu alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili baada ya kukosa usingizi kwa muda mrefu na kuanza kusikia sauti. Dawa zilimsaidia, hilo lazima niliseme. Kilichotuumiza ni midomo ya watu wa wodini. Amenikubalia niandike haya.

Dirisha la dawa la wodi ile linatazamana na benchi la wageni. Nesi anaita jina kamili la mgonjwa, halafu kwa sauti ileile: "Wewe si ndiye wa skizofrenia? Jana dawa ulimeza au ulitema?" Benchi zima linageuka. Siku hiyo alikuwepo jirani yetu aliyekuja kumwona mgonjwa wake. Jioni nyumbani tulikuta habari imeshafika, na jina la ugonjwa linatamkwa bila kukosea hata herufi.

Wakati huohuo mgonjwa mwenyewe alikuwa hajaambiwa anaumwa nini! Jina la ugonjwa wake alilisikia pale dirishani, pamoja na wageni. Alipomuuliza daktari kwenye raundi, mbele ya kundi la wanafunzi ambao hakuna aliyemwomba ruhusa wasimame kumtazama, akajibiwa, "Wewe tulia, utapona." Akaomba kuona faili lake, akaambiwa faili ni mali ya hospitali. Faili hilohilo linalala wazi juu ya meza ya wauguzi, na ndugu wa wagonjwa wengine wanaliegemea wakiuliza habari za watu wao.

Likafuata la kazini. Ofisi yao ilipiga simu wodini kuhakikisha kama kweli amelazwa. Aliyepokea hakuuliza anaongea na nani. Akamwaga yote: ugonjwa, dawa, na kwamba "hawa huwa wanarudi rudi." Mdogo wangu alipomaliza ruhusa yake akakuta ameondolewa kaunta ya wateja, amepelekwa stoo. Barua ya kueleza sababu hakupewa.

Nilipokwenda kulalamika, jibu lilikuwa: "Huyo hata maana ya siri hajui." Kauli hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Kijana alinishika mkono akaniuliza, "Kaka, nani kawaambia?" Mtu asiyejua maana ya siri haulizi hivyo. Na hata angekuwa amechanganyikiwa kabisa siku hiyo, aibu ingemsubiri akipata nafuu. Anayeshindwa kujilinda leo ndiye anayehitaji zaidi wengine wamlindie.

Haya si mambo ya kuombana hisani. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwalinda watu wenye ugonjwa wa akili. Zinasema mgonjwa atunziwe siri, aelezwe haki zake mapema baada ya kulazwa kwa lugha anayoielewa, na aweze kupata taarifa zilizomo kwenye kumbukumbu zake, isipokuwa pale zitakapomdhuru vibaya yeye au kuhatarisha mtu mwingine. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 22, unazitaka nchi zilizouridhia kulinda taarifa zao za afya kwa usawa na za watu wengine. Kwa usawa! Hakuna nesi anayetangaza dirishani kwamba fulani ana bawasiri.

Najua siri hufunguliwa mahali fulani: kwa wanaomtibu, kwa amri ya mahakama, au maisha ya mtu yakiwa hatarini kweli. Hata hapo husemwa kile tu kinachohitajika. Bosi hayumo, jirani hayumo. Na sisi ndugu pia, wengine mtanipinga, kulipa bili hakutupi haki ya kusikia kila neno alilomwambia daktari.

Hasara yenyewe ni hii: sasa hataki kurudi kliniki. Anasema akimweleza daktari zile sauti zinamwambia nini, kesho atayasikia njiani. Dawa anaanza kuziruka, na kuacha dawa hizi kiholela ni njia inayorudisha watu wengi wodini. Kisha wataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni mkaidi.

Nimepeleka barua ya malalamiko. Nataka wataje kwa maandishi nani aliongea na mwajiri na kwa ruhusa ya nani, mafaili yafungiwe, dawa zitolewe bila kutangaziana, na daktari akae na mdogo wangu faraghani amweleze ugonjwa wake mwanzo hadi mwisho. Barua wameipokea na kuigonga muhuri. Jibu bado.

Aliyewahi kufikisha lalamiko la namna hii kwenye baraza la madaktari au la wauguzi anielekeze alianzia wapi na alitakiwa kuambatanisha nini. Jina la mdogo wangu msiniulize, hata inboksi.