Trafalgar 1805: Nelson alipiga hesabu au alicheza kamari?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 21 Oktoba 1805, kwenye vita vya baharini vya Trafalgar, pwani ya Hispania, Nelson, amirali wa Uingereza, alikuwa na manowari 27 dhidi ya 33 za Ufaransa na Hispania. Hakujipanga sambamba nao, alizielekeza manowari zake kwao omo (upande wa mbele) kwanza, kwa safu mbili, ili akate safu yao. Ukija hivyo mizinga yako ya ubavuni haimlengi adui, na yeye anakumiminia ubavu mzima. Upepo wenyewe hafifu, merikebu zinakwenda mwendo wa mtu atembeaye. Victory, merikebu ya Nelson mwenyewe, ilipigwa kama dakika 40, gurudumu la usukani likavunjika, mabaharia wakawa wanaugeuza usukani kwa kamba kutoka sitaha ya chini. Kamari tupu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umemsahau mpigaji. Mawimbi yalikuwa yanawapiga ubavuni, merikebu zao zinalala huku na huku. Mizinga mingi ya Wafaransa iliwashwa kwa utambi. Kabla baruti haijalipuka, chombo kimeshainuka na risasi inapita juu milingotini. Waingereza walifunga gumegume (kifyatulio cha jiwe la cheche) kwenye mizinga: unavuta kamba, inalipuka papo hapo. Halafu Victory ilipopita nyuma ya Bucentaure, merikebu ya amirali wa Ufaransa, ikapiga tezini (upande wa nyuma), penye madirisha ya vioo na mbao nyembamba. Risasi ikiingia hapo inapita sitaha nzima hadi omo.

Mleta mada: Sawa, na Redoutable ya Wafaransa je? Nahodha wake Lucas aliwafunza watu wake bunduki na mabomu ya mkono. Walifagia sitaha ya juu ya Victory, Nelson mwenyewe akapigwa risasi kutoka mlingotini mwao. Merikebu ya Waingereza Téméraire isingetokea, wangeipanda Victory.

Mchangiaji wa pili: Wote mmeruka jambo la Dumanoir, amirali wa Kifaransa aliyeongoza merikebu za mbele ya safu yao. Safu ikikatwa katikati, walio mbele lazima wageuke ndipo wasaidie, na kwa upepo ule baadhi walishusha mashua ziwavute omo. Walipofika, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, na wenzetu mnaipita kama haipo.

Mimi ningelaumu yaliyofuata. Nelson alitaka watie nanga jioni ile. Collingwood, aliyeshika uongozi Nelson alipokufa, hakufanya hivyo, dhoruba ikaja, na kati ya manowari 17 zilizotekwa zikabaki 4.

Mchangiaji wa kwanza: Nanga zipi? Vyombo vingi amari (kamba za nanga) zilikatwa kwa risasi. Na pwani iko demani, upande upepo unakokusukumia, ukitia nanga kwa amari mbovu ikakatika usiku, miamba ndiyo inakupokea.

Mchangiaji wa pili: Zilizokuwa na amari nzima je?