Tupeane uzoefu: vifurushi vya kusakinisha programu vilivyokutoa jasho

Fundi wa Mtumba: Wakuu, habari za jioni. Nazungumzia vifurushi vya kusakinisha programu, si vya bando. Nilipewa kompyuta 64 za taasisi moja hapa Dodoma, nyingine ziko Kongwa na Mpwapwa. Aliyenitangulia alikuwa anazunguka na flashi, anabonyeza "Next" mpaka kidole kinakufa ganzi. Mimi nikajifanya mjanja: nikatengeneza MSI (faili la kusakinisha programu kwenye Windows), nikaweka /qn isiulize kitu, nikaipanga iingie mashine zikiwaka asubuhi. Kwangu ilikuwa imeingia safi kabisa.

Saa mbili na nusu simu ya Kongwa, mama wa masijala: "Mwanangu, nimetoa kitambaa, nimewasha, inasema seva haijulikani." Halafu Mpwapwa. Halafu wote. Kumbe anwani ya seva nimeiandika HKCU (sehemu ya rejista ya Windows yenye mipangilio ya mtumiaji mmoja mmoja), na anayesakinisha muda huo ni SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, si yule mama. Ikaenda kukaa kwa SYSTEM huko. Nikaihamishia HKLM, sehemu ya mashine nzima, yakaisha. Leteni yenu.

Mwana Bahi: Pole mkuu. Mimi kosa namba 1603 la MSI lilinila siku tatu. Hiyo namba ni sawa na daktari akwambie "unaumwa" akaondoka. Mpaka nilipoongeza /l*v nipate logi (kumbukumbu ya kila hatua), nikatafuta "Return value 3", alama ya hatua iliyofeli, na kusoma mistari ya juu yake. Skripti yangu ilikuwa inafuata faili kwenye diski Z ya mtandao. SYSTEM haina Z! Hiyo diski kaunganisha mtumiaji. Siku hizi faili zote nazifungia ndani ya kifurushi, kiwe kizito tu.

Nkuhungu Juu: Natumia Inno Setup, programu ya kutengeneza vifurushi vya Windows. Niliweka /VERYSILENT isakinishe kimya, nikasahau /NORESTART ya kuzuia isijiwashe upya. Mashine ya mhasibu ikajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya mishahara, tarehe 23. Sitaki kusimulia zaidi.

Fundi wa Mtumba: Hahaa, kwa tarehe hiyo walikuacha hai? Kwenye MSI kuna jibu namba 3010 pia. Si kosa, imeshaingia ila inataka kuwashwa upya. Skripti yangu ilihesabu chochote kisicho sifuri kuwa kimefeli, ikawa inarudia kusakinisha kila siku.

Manyoni Stesheni: Sisi wa Linux hatujapona. Nilijenga .deb (kifurushi cha Debian na Ubuntu) ya maabara ya shule, postinst, skripti inayofuata baada ya faili kuingia, ikawa inapakua fonti mtandaoni. Nimefika, intaneti hakuna. Kifurushi kikakwama nusu, kila nikigusa apt, amri ya kusakinisha programu, inalalamika. Nikazitoa fonti kwenye laptopu yangu, nikazipachika ndani, nikajenga upya juu ya dawati la wanafunzi, wananitazama tu.

Mzee wa Area C: Vijana mnajitesa. Nina kompyuta saba, flashi yangu moja, saa nne nimemaliza nakunywa chai.

Mwana Bahi: Shikamoo mzee. Ukiongezewa ya nane utatutafuta.

Mzee wa Area C: Marahaba. Wameshaniambia zinakuja 30. Huyo Inno Setup anapatikana bure?