Vinundu vyangu vya kroshia vinalala bapa, nakosea wapi?

Lindo_la_Usiku
Wakuu habari. Msinicheke: nalinda ghorofa moja Mikocheni, zamu ya usiku, na nafuma ili usingizi usinishinde. Msingi nilijifunza kwa video za mama mmoja wa Uingereza. Sasa nataka kumfumia wife mkoba wenye vinundu, vile vinavyofura kama bisi. Kroshia yangu ni ya milimita 4, uzi wa sweta rangi ya maziwa, wa Kariakoo. Maelekezo niliyopata ni ya Kimarekani: dabo (aina ya mshono) 5 tundu moja, uzifunge pamoja. Vinanitoka bapa kama chapati ya anayejifunza, tena vingine mbele vingine nyuma. Nilianza na matundu 24, mstari wa 9 nahesabu 31! Nimefumua mara nne, uzi umeshaota manyoya.

MamaWawili
Karibu kaka, hakuna wa kukucheka. Mimi hufumia kwenye mwendokasi nikipata siti (yaani mara moja kwa mwezi). Kosa si lako. Dabo ya Mwingereza ni ile fupi. Dabo ya Mmarekani ni ndefu, Mwingereza huiita trebo. Umefunga vifupi vitano, vitafura na nini?
Zungusha uzi kwenye kroshia, ingiza tunduni, vuta, pita vitanzi viwili tu, basi. Usimalizie. Rudia tundu hilohilo mpaka mara tano, utakuwa na vitanzi 6 kwenye kroshia. Zungusha uzi, pita vyote kwa mkupuo. Kinachofuata fuma kifupi na ukikaze, hicho ndicho kinachokibana kinundu kikatoka.

Lindo_la_Usiku
Kumbe! Na hivyo vya mbele na nyuma je?

BibiKitanzi
Mjukuu wangu, kinundu huchomokea upande wa pili, si huu unaokutazama. Wewe unavitia kila mstari. Tia mstari mmoja, ukigeuza kurudi fuma vifupi vitupu. Na hao saba wa ziada nimeshawajua: unaingiza kroshia katikati ya miguu ya kinundu. Kinundu kina miguu mitano, kichwa kimoja. Mstari unaofuata, kichwani panaingia kimoja tu. Funga kiuzi chekundu tundu la kwanza na la mwisho.
Halafu vinundu vinakula uzi. Rudi Kariakoo mapema ukaongeze, na ulinganishe namba ya rangi kwenye karatasi ya bonge. Rangi za maziwa ziko nyingi, utakuja kuona tofauti mkoba umeshafika nusu.

Lindo_la_Usiku
Saa tisa usiku hii, vimetoka sita, vyote upande mmoja! Mlinzi wa geti la jirani kaja kuvibonyezabonyeza, kaniuliza nauza bei gani. Swali la mwisho: wife akitia nyanya na vitunguu hautalegea?

MamaWawili
Utalegea mpaka magotini. Utie bitana.