Bastola inakwama kuingiza risasi: magazini mpya, springi mpya, au rampu ing'arishwe?

Mlenga_Taratibu
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Bastola yangu imeanza kunisumbua. Napiga mbili tatu vizuri, halafu slaidi (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi) inasimama njiani na risasi imekwama mdomoni mwa chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Naigonga slaidi kwa nyuma na kiganja, inafunga, naendelea, baada ya muda inarudia yale yale. Wiki tatu zijazo nina mashindano, na mfuko wangu unaruhusu kitu kimoja tu: magazini mbili mpya, au springi mpya ya kurudisha slaidi, au kumpa fundi aing'arishe rampu, ule mteremko unaoipandisha risasi kuingia chemba. Ningekuwa wewe ungeanza na lipi?

Fundi_Chuma
Mkuu, swali lako halijibiki hivyo lilivyo. Bastola gani? Kaliba gani? Risasi za kiwandani au unajaza mwenyewe? Kichwa cha mviringo, bapa, au chenye tundu? Inakwama kwa magazini zote au moja? Risasi ya kwanza, za katikati, au ya mwisho? Springi iliyomo imepiga risasi ngapi?

Na hiyo "imekwama mdomoni" ieleze vizuri. Pua ya risasi ikiwa imeinama chini na kugonga rampu, mara nyingi tatizo ni magazini: springi yake imechoka au risasi imechelewa kupanda. Pua ikitazama juu na kugonga paa la chemba, risasi imeachiwa mapema, kwa hiyo angalia midomo ya magazini, zile kingo za juu zinazoshikilia risasi. Risasi ikiwa karibu yote iko ndani na slaidi imebakiza milimita mbili tatu kufunga, hapo ni uchafu, springi dhaifu, ekstrakta (ndoano inayolivuta ganda kutoka chemba) inayobana kupita kiasi, au risasi yenyewe ni nene.

La mwisho na kubwa: acha kuigonga hiyo slaidi. Risasi iliyogota kwenye rampu ukiilazimisha, kichwa kinasukumwa kuzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, presha inapanda. Risasi ya aina hiyo itoe, uipime kwa vernia pamoja na nzima, na ikiwa fupi usiipige kamwe.

Saba_Saba
Mimi siulizi hata ni bastola gani. Magazini. Kwenye bastola hizi magazini ndiyo inayoamua risasi itapanda lini na kwa pembe gani, na ndicho kitu tunachokiangusha sakafuni kila wiki. Ziandike namba kwa rangi, 1, 2, 3. Kila inapokwama andika namba kwenye daftari. Ukifika risasi 100 daftari litakwambia lenyewe.

Mlenga_Taratibu
Samahani wakuu, niliharakisha. Ni ya muundo wa 1911, mtutu wa inchi 5, .45. Niliinunua kwa mtu, sijui springi ina umri gani. Magazini ziko tatu, mbili za risasi 8 zilikuja nayo, na moja ya zamani ya risasi 7. Inavyokwama naona kama pua imegota juu ya rampu, lakini mara nyingine imeingia karibu yote. Sikuwahi kuangalia ni magazini ipi.

Springi_Kumi_na_Sita
Ya mtu mwingine na hujui umri wa springi? Jibu umeshalipata. Springi ya kawaida ya 1911 ya inchi 5 katika .45 ni ya nguvu ya ratili 16. Ikichoka, slaidi inarudi mbele bila nguvu ya kusukuma risasi kuingia. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote ulivyotaja. Weka ya 18 kabisa, ifunge kwa nguvu.

Fundi_Chuma
Ya 16 nakubali, hata leo. Ya 18 hapana. Springi nzito hufanya slaidi irudi mbele haraka zaidi, na springi ya magazini inapata muda mdogo zaidi wa kuinua risasi inayofuata. Nimeona watu wakipanda ratili mbili kisha wakapata pua zinazoinama ambazo hawakuwa nazo. Kabla ya kununua, tazama maganda yanaangukia wapi. Yakidondoka karibu na mguu wako, springi ni nzito kwa risasi hizo au risasi ni dhaifu. Yakiruka mbali sana, springi imelegea.

Mama_Shabaha
Ndugu yangu Mlenga, mimi naomba unisikilize kuhusu hilo la rampu, kwa sababu niliharibu bastola nzuri kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa na 1911 ya .45 kama yako. Ilikwama mara moja kila magazini mbili hivi. Nikasoma mahali kwamba rampu ikiwa na mikwaruzo, ing'arishwe mpaka ujione usoni. Nikachukua kimashine cha kuzungusha, nikafunga msasa mwembamba, nikaanza. Kazi ya dakika 20. Iling'aa kweli, na nilifurahi. Kesho yake uwanjani ilikwama risasi ya pili ya magazini ya kwanza, na ikaendelea hivyo hivyo siku nzima.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Kwenye 1911 rampu ina sehemu mbili, moja kwenye fremu na moja kwenye mdomo wa mtutu, na kati yake lazima pabaki kidaraja, kama milimita 0.8, mtutu ukiwa umeshushwa na kuvutwa nyuma. Risasi inapanda rampu ya fremu, inaruka hicho kidaraja, ndipo inateleza juu ya mdomo wa mtutu. Mimi nilikuwa nimeviringisha ukingo wa juu wa rampu ya fremu, kidaraja kikatoweka, na mdomo wa mtutu ukawa kama ngazi ya kuikwaa pua ya risasi.

Kwa kuwa ilizidi kukwama, nikarudia kosa upande wa mtutu. Nikaupanua mdomo wake. Sasa ikawa inaingiza! Lakini maganda yakaanza kutoka na kitumbo upande mmoja, karibu na kitako. Nikayapuuza. Mzee mmoja pale uwanjani ndiye aliyeokota ganda, akalizungusha kwenye vidole, akaniambia, "Mwanangu, usipige tena hii leo." Nilikuwa nimekata chuma kinachoshikilia ganda kwa chini. Shinikizo lote pale lilizuiwa na shaba tupu, na shaba hiyo ikipasuka, moto unashuka kwenye magazini na mkononi.

Nikalazimika kununua mtutu mpya, na fundi akachonga fremu akaingiza kipande cha chuma mahali pa rampu. Gharama yake ilizidi magazini kumi. Na chanzo chenyewe? Magazini moja ilikuwa na mdomo uliopanuka baada ya kuangukia zege. Ningeijaribu bastola na magazini nyingine ningegundua siku ile ile.

Kwa hiyo rampu iwe ya mwisho kabisa. Na kama fremu yako ni ya aluminiamu ndiyo usiiguse kabisa, maana ukiondoa lile gamba gumu la juu, chini yake ni laini na rampu itachimbika.

Saba_Saba
Pole sana Mama. Hii ingewekwa juu kabisa ya jukwaa isomwe na kila mgeni.

Kisahani
Naongeza ekstrakta. Kwenye 1911 asili ekstrakta ni kipande kirefu cha chuma cha springi ndani ya slaidi, hakina springi yake. Kitako cha ganda kinatakiwa kupanda kutoka chini na kuingia nyuma ya ndoano. Ikibana sana, risasi inasimama ikiwa na pembe na slaidi haimalizii safari. Lile lako la "imeingia karibu yote" laweza kuwa hilo. Vua slaidi, toa pini ya kufyatua na vingine vyote isipokuwa ekstrakta, telezesha risasi ya mazoezi isiyo na baruti chini ya ndoano kwa kidole. Inatakiwa ishike bila kudondoka ukiitikisa polepole, lakini iingie bila kuhitaji nguvu za mtu mzima. Na usidondoshe risasi moja kwenye chemba kisha ukaachia slaidi ifunge juu yake, unaipinda ndoano.

Springi_Kumi_na_Sita
Bado nasema springi. Na springi za magazini pia. Watu wanaacha magazini zimejaa miezi na miezi kisha wanashangaa.

Saba_Saba
Hapo sikubali. Springi iliyotengenezwa vizuri na isiyobanwa kupita mpaka wake haichoki kwa kukaa imebanwa. Inachoka kwa kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Nina magazini ya risasi 7 iliyokaa imejaa zaidi ya miaka miwili na ilipiga zote bila kusita.

Springi_Kumi_na_Sita
Magazini moja si ushahidi. Zile za 8 zimebanwa zaidi ndani ya kopo la urefu ule ule lililobuniwa kwa 7. Huo "mpaka wake" unaousema ndipo unapovukwa.

Saba_Saba
Basi tunakubaliana kwamba tatizo ni kulazimisha ya nane. Jina langu limetokana na hilo. Bastola ilipokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 magazini ilikuwa ya 7, na risasi iliyotumika ilikuwa na kichwa cha mviringo cha greni 230 (greni ni kipimo cha uzito). Ukishabadilisha umbo la kichwa au idadi, umeondoka kwenye hesabu za John Browning aliyeibuni.

Kisahani
Hata Browning Hi-Power ya 1935 ni hivyo. Zile za mwanzo zina kinundu kwenye rampu, zinapenda vichwa vya mviringo tu. Za baadaye walikiondoa.

Fundi_Chuma
Tunaenda mbali. Mlenga, hujajibu swali la risasi. Za aina gani?

Mlenga_Taratibu
Najaza mwenyewe. Vichwa vya risasi-madini greni 200, vyenye mbele bapa na bega. Baruti naweka kidogo ili isirushe mkono sana.

Fundi_Chuma
Hilo ungelisema mstari wa kwanza!

Vichwa vya bega ni vizuri kwa shabaha, vinatoboa karatasi duara safi, lakini vinadai urefu sahihi. Bega litokeze juu ya ukingo wa ganda kama unene wa ukucha tu. Likizidi, linagusa mwanzo wa mifuo (ile mistari ya ndani ya mtutu) na slaidi haifungi. Ukizamisha mno, risasi inakuwa fupi na pua inaigonga rampu mahali pabaya. Pili, mdomo wa ganda uliotanuliwa wakati wa kuingiza kichwa lazima urudishwe, usizidi milimita 12 hivi. Toa mtutu kwenye bastola, udondoshe risasi zako moja moja kwenye chemba. Inatakiwa ishuke hadi mwisho kwa mlio wa *tak*, izunguke, na itoke yenyewe ukigeuza mtutu. Isiyopita jaribio hilo usiipeleke uwanjani.

Mama_Shabaha
Na baruti kidogo na springi usiyoijua ni mambo mawili yanayovutana. Kama mwenye zamani aliweka nzito, slaidi hairudi nyuma mpaka mwisho. Inaikamata risasi mgongoni badala ya kitakoni. Na ushikaji wako ukoje? Kifundo kikilegea, slaidi inapoteza mwendo. Mpe mwenzako apige magazini mbili ukiangalia.

Springi_Kumi_na_Sita
Kwa risasi nyepesi hizo hata ya 16 ni nyingi, wengi wanashuka 14 au 12. Ila ukirudi kwenye risasi za kiwandani urudishe ya 16, la sivyo slaidi itapigiza fremu.

Mlenga_Taratibu
Wakuu, nimetoka uwanjani. Nimeandika namba. Jaribio la mtutu: risasi 9 kati ya 50 hazikushuka hadi mwisho, nimezitenga. Zilizopita nimepiga 41, pamoja na za kiwandani za mviringo 50. Za kiwandani: magazini 1 imekwama mara tatu, pua chini, zote risasi ya mwisho au ya mwisho kasoro moja. Magazini 2 na ile ya 7 hazikukwama. Zangu: magazini ya 7 imekwama mara moja, ikiwa imeingia karibu yote, slaidi imebakiza kama milimita 3. Mwenzangu alipiga magazini mbili za risasi zangu, na yeye ikamkwamia mara moja vile vile. Maganda yangu yanadondoka kama hatua moja. Nimeweka picha mbili.

Saba_Saba
Magazini 1 ni springi imeisha, imeshindwa kuinua za mwisho. Badilisha springi yake au itupe. Ndivyo nilivyosema.

Springi_Kumi_na_Sita
Hatua moja ni karibu mno. Springi ya slaidi ni nzito kwa risasi hizo. Ndivyo nilivyosema na mimi.

Kisahani
Ile moja iliyobakiza milimita 3 hamwezi kuipa magazini wala springi kabla hajajaribu ekstrakta. Mkuu, kwenye picha ya pili naona mstari unaong'aa juu ya ukingo wa ganda, upande wa kulia. Ule mkwaruzo umekuja na ganda, au umetoka kwenye ndoano? Angalia maganda mengine kama yanao yote.

Mlenga_Taratibu
Naenda kuyamwaga mezani niyaangalie. Nitarudi usiku.