Kimeng'enya kinachovunja sumu za organofosfati kinafanyaje kazi?

mdadisi_tu: Wakuu naombeni ufafanuzi. Nasoma kuhusu dawa za wadudu za kundi la organofosfati nimekutana na kimeng'enya kinaitwa fosfotraiesterasi, wanasema kinazivunja haraka ajabu. Kinakata wapi hasa? Na bakteria wamekitoa wapi wakati sumu zenyewe zimeanza kutumika kwa wingi baada ya vita kuu ya pili, yani juzi tu? Halafu kama kipo mbona mtu aliyekunywa sumu hapewi hicho?

Kemia_Hai: Mkuu anza na sumu yenyewe. Katikati ina fosforasi, na pembeni kuna kipande kinachobanduka kirahisi. Ikiingia mwilini ile fosforasi inang'ang'ania asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini (kemikali ya kupeleka ujumbe) kwenye neva, ndo unaona mtu anatokwa mate, mboni zinasinyaa, misuli inachezacheza na pumzi inakata. Sasa fosfotraiesterasi ina atomu mbili za zinki na katikati yake zimeshika haidroksidi iliyotokana na maji, hiyo ndo inaishambulia fosforasi, kipande kinaachia, sumu imekwisha nguvu na kimeng'enya kiko vilevile kinadaka nyingine. Kwa paraoksoni, moja ya sumu hizi, molekuli moja ya kimeng'enya inavunja zaidi ya elfu moja kwa sekunde!! Maabara unaona kwa macho kabisa, kimiminika kilikuwa hakina rangi kinaanza kuwa manjano sababu ya nitrofenoli, ndo kile kipande kinachobanduka, wanapima hiyo manjano kwa mwanga wa nanomita 405 wanapata kasi.

bi_maabara: Hapo kwenye asili ndo patamu. Bakteria mmoja mwenye kimeng'enya hiki alipatikana kwenye shamba la mpunga Ufilipino, mwingine ni Brevundimonas diminuta, wako mbali kiukoo ila jeni yao ya opd, yani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hiki, inafanana mno na wote wameibeba kwenye plasmidi (kipande cha DNA cha pembeni kinachoweza kuhama), kwa hiyo inaelekea jeni imehama toka bakteria hadi bakteria. Na kimeng'enya chenyewe kina ndugu zake ambao kazi yao ni kuvunja laktoni (kemikali fulani zenye umbo la pete), ila organofosfati nazo wanazigusa kidogo, ndo maana wengi wanaona ilianzia huko, kakazi kadogo ka pembeni kakageuka kazi kuu. Hata sisi damuni tunayo kimeng'enya cha paraoksonasi 1, inakaa kwenye HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri), inatumia kalsiamu badala ya zinki na yenyewe pia ni mvunja laktoni. Watoto wachanga wanayo kidogo kuliko watu wazima, kwa hiyo tafadhali sana wasisogezwe karibu na hizi dawa.

Kemia_Hai: Na la hospitali, kimeng'enya kinavunja sumu ambayo bado inazunguka, ile iliyokwisha kung'ang'ania asetilikolinesterasi hakiitoi. Tena ni protini ya bakteria, kinga ya mwili inaweza kuipinga. Ndo maana mgonjwa anawahishiwa atropini ya kupunguza dalili, na pralidoksimu ya kuing'oa fosforasi kabla haijaganda pale isitoke tena. Lingine sumu hazilingani, klopirifosi, dawa nyingine ya wadudu ya kundi hili, inavunjwa karibu mara elfu polepole kuliko paraoksoni, watafiti wamekuwa wakikibadilisha kimeng'enya ili kiiwahi.

mdadisi_tu: Nimeelewa sana asanteni. Kwa hiyo maji yakishapitishwa kwenye hicho kimeng'enya yako salama?

bi_maabara: Hapana usiharakie hivyo, ukali wa kwenye neva umeondoka lakini nitrofenoli imebaki na yenyewe ni sumu, inabidi wawepo bakteria wengine wa kuila