Gari la Babu Linazimika Kivukoni

Swaleh, Alhamisi, saa 2:10 usiku
Assalaam alaykum jamaa zangu. Leo ile Peugeot 504 ya marehemu Babu imenizimikia tena, mara ya tatu wiki hii, na safari hii ni mahali pabaya mno. Nilikuwa nimeshuka kwenye feri upande wa Likoni, maji yamekupwa na mwinuko umekuwa mkali, injini ikakohoa mara mbili, ikaishiwa nguvu, kisha ikanyamaza. Watu walinisaidia kulisukuma kando. Baada ya dakika kumi hivi nilipiga stata, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fundi amekwisha kubadilisha vifaa vya umeme wa kuwashia injini, yaani koili, plagi na kondensa, nami nimekwisha kulipa, lakini hali ni ileile. Ammi Athmani, naomba unielekeze kabla sijatoa pesa nyingine.

Shangazi Rukia, saa 2:18
Wa alaykum salaam mwanangu. Alhamdulillahi kwamba halikurudi nyuma. Mimi nadhani ni joto, kwani marehemu baba yetu alikuwa akisimama njiani na kuifunika pampu ya mafuta kwa kitambaa kibichi. Gari hilo alilipenda tangu 504 iliposhinda Safari Rally mwaka 1975, kwa hivyo sitaki kusikia kwamba litauzwa chuma chakavu.

Ammi Athmani, saa 2:35
Wa alaykum salaam. Dada Rukia hajakosea kuhusu kitambaa, maana petroli huanza kuchemka mapema sana kuliko maji, na pampu ikishajaa mvuke haiwezi kuvuta mafuta. Hata hivyo joto lina tabia yake: hupenda gari lililokwama kwenye foleni mchana, au lililozimwa likiwa la moto kisha likawashwa tena. Swaleh, niambie: limewahi kuzimika usiku au wakati wa mvua? Huzimika ghafla au hukohoa kwanza? Na kabla hujaanza kuliendesha, lilikaa muda gani?

Swaleh, saa 2:41
Jumapili usiku lilizimika nikipanda kuelekea Nyali na mvua ilikuwa ikinyesha. Kila mara hukohoa na kupungua nguvu kwanza. Lilikaa chini ya mwembe kule Kisauni karibu miaka miwili, tangi likiwa nusu.

Ammi Athmani, saa 3:05
Basi tushike hapo. Moto wa plagi ukikatika, kwa kawaida injini hunyamaza papo hapo, kama taa iliyozimwa; mafuta yakikosekana, injini hukohoa na kudhoofika kwa sababu kile kikombe cha petroli cha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hukauka kidogo kidogo. Fundi alilikagua likiwa linawaka vizuri, akabahatisha, ilhali ushahidi hupatikana katika zile dakika chache ambazo gari limekataa. Tangi lililokaa nusu katika hewa yetu ya chumvi hutoka jasho kwa ndani na kushika kutu. Ninavyoshuku, kutu hiyo huvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea na kuuziba, hasa unapopanda mlima na injini inataka mafuta mengi; pampu ikiacha kuvuta, uchafu hudondoka na njia hufunguka, ndiyo sababu ukingoja linawaka.

Kesho nunua filta ya plastiki inayoonyesha ndani, uifunge kati ya tangi na pampu, mshale wake ukielekea kwenye pampu. Lizungushe hapo hapo mtaani, usilipeleke kivukoni. Likizimika, usipige stata kwanza. Itazame filta, kisha ondoa kifuniko cha filta ya hewa, umulike koo la kabureta kwa tochi na usukume kwa kidole ule mkono unaovutwa na waya wa eksileta. Petroli ikiruka humo ndani kama uzi mwembamba, kikombe kina mafuta na tutarudi kwenye umeme. Isiporuka, kikombe ni kikavu. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara karibu, na usijaribu moto wa plagi wakati petroli iko wazi.

Mwanaidi, saa 3:12
Nitafuatana naye nishike tochi, Ammi.

Swaleh, Ijumaa, saa 11:40 jioni
Ammi, lilizimika baada ya dakika ishirini na tano. Filta ilikuwa karibu tupu, na chini yake kumetulia chembe nyekundu, kama makapi ya chai yanayobaki kikombeni. Nilisukuma ule mkono mara nne na hapakuruka hata tone. Tulirudisha kifuniko, tukangoja, na Mwanaidi alipopiga stata tuliona petroli ikiingia kwenye filta kwa mapovu, rangi yake kama ya chai kavu. Nyumbani, injini ilipopoa, nilifungua mpira kabla ya pampu nikapuliza kuelekea tangini kwa pampu ya baiskeli. Mwanzo iligoma kabisa, kisha ikalegea ghafla, na tangi likatoa sauti ya kububujika.

Ammi Athmani, saa 11:58
Hapo umeukamata ugonjwa wenyewe, mwanangu, nami nimefurahi sana. Ila kupuliza kumeusogeza uchafu tu, haukutoka. Jumamosi tutalishusha tangi, tulimwage na kulisafisha, na mipira yote ya mafuta tuibadilishe. Mtu akisema lina tundu lichomewe, mkatalie: tangi lililomwagwa bado lina mvuke, na mvuke huo hulipuka. Kabureta nitaifungua mwenyewe, maana jeti zake, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia petroli, ni za shaba laini na tundu lake lina kipimo. Hupulizwa kwa hewa, hazichokolewi kwa waya. Ile koili ya zamani, kama fundi hajaitupa, iombe uiweke kwenye buti.

Shangazi Rukia, saa 12:04
Lileteni uani kwangu, pana kivuli na maji. Nitawapikia.

Swaleh, saa 12:06
Shukran, Shangazi. Shukran sana, Ammi. Koili ninayo, na mpaka Jumamosi nitavuka feri kwa miguu.