Nina biashara ndogo ya batiki Morogoro: nembo nianzie wapi, na nilipe kiasi gani?

MamaBatiki_Moro

Wakuu, habari za humu. Naomba mwongozo.

Natengeneza batiki hapa Kihonda pamoja na wadogo zangu wawili. Tunatoa vitambaa vya kushonea, mashuka, foronya na pochi ndogo za zipu. Nauza kwa WhatsApp na Instagram, na kuna maduka mawili Dar na moja Mji Mkongwe kule Zanzibar yanachukua mzigo kwa mali kauli. Kazi inatoka, namshukuru Mungu. Shida ni kwamba hakuna anayejua kuwa ni yangu. Duka moja lilikata lebo zangu za karatasi likaweka zake, kisha mteja aliyenunua pale akanifuata Instagram kuniuliza kama naweza kumtengenezea shuka linalofanana na lile. Shuka lenyewe nta nilipaka mimi kwa mkono wangu. Iliniuma.

Mpwa wangu alinitengenezea logo kwenye Canva, ile programu ya kuchorea ya mtandaoni: mwanamke mwenye kilemba, ramani ya Afrika nyuma yake, brashi, rangi nyingi, na jina kwa mwandiko wa kujikunja. Kwenye simu inapendeza. Nilipoipeleka kwa mtu wa lebo akasema haichapiki kwa udogo ule. Sasa nimepata watu wawili: kijana anayesema elfu arobaini na naipata kesho, na msanifu wa Dar anayetaka laki nane na nusu kwa "utambulisho kamili wa chapa".

Jambo jingine, BRELA (wakala wa usajili wa biashara) nimesajili jina moja, Instagram natumia jingine alilonifungulia binti yangu, na lipa namba, ile ya kupokelea malipo kwa simu, inatoa jina langu la kwenye kitambulisho. Wateja wengi hawanitaji kwa jina lolote kati ya hayo, wanasema tu "yule wa batiki za matone", kwa sababu ya mtindo wetu mmoja unaopendwa sana.

Nianzie wapi?

MzeeWaSoko

Mama, chukua ya elfu arobaini uendelee na kazi. Nimeuza Kariakoo miaka mingi, sijaona mteja akinunua nembo. Ananunua mali na bei. Hiyo laki nane ni nta na soda ya kutilia rangi ya miezi. Ukikua, utabadilisha.

MsanifuTanga

Dada, pole na kazi, na pole kwa hilo la lebo. Mimi ni msanifu michoro, nipo Tanga, na wateja wangu wengi ni watu wa kazi za mikono: washonaji, wafinyanzi, wachonga samani, watengeneza sabuni za mwani. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako limenigusa.

Mzee wangu hapo juu shikamoo, na ni kweli kwamba mauzo ndiyo yanayolisha nyumba. Ila dada, mauzo unayo. Kinachovuja ni jina. Mteja aliipenda kazi yako, hela alikuwa nayo, akakufikia kwa bahati tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nembo ifananeje, jiulize ni kitu gani kitabaki kwenye shuka lako hata likipita mikono mitatu.

Pwani hii tuna jibu la siku nyingi. Chukua khanga yenye maandishi K.H.E. Mali ya Abdulla. Hayo ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887. Hakuna twiga pale wala ramani. Ni maneno machache yaliyochapwa ndani ya kitambaa chenyewe, na mnunuzi anayejua khanga huyatafuta kwa macho kabla hajatoa hela. Muuzaji wa rejareja hawezi kuyabandua.

Wewe nawe una nta, una rangi, una vibao. Weka alama yako ndani ya batiki. Chonga kibao kidogo, kichovye kwenye nta, kigonge ukingoni kabla ya rangi ya mwisho. Nta ikitoka, alama inabaki kwa rangi ya chini. Shuka linatosha alama moja pembeni. Kitambaa cha kukata, rudia ukingoni kila nusu mita, ili hata anayenunua mita mbili aondoke nayo. Lebo ya karatasi wataikata tu, na hata ya kushonwa hufumuliwa. Hii haifumuliki.

Hapo sasa ndipo usanifu unapoanza, maana nta ni hakimu mkali. Nta ya moto husambaa. Mstari mwembamba hunenepa, na tundu la herufi kama "e" au "a" huziba. Nembo inayopita kwenye nta itapita kwenye muhuri, kwenye darizi, kwenye kile kiduara kidogo cha picha ya Instagram, popote. Ya mpwa wako haitapita, na naomba usimvunje moyo kijana. Alikuwa anachora kwa ajili ya kioo cha simu na kwenye kioo cha simu inakaa vizuri.

Na kuhusu huyo mwanamke mwenye kilemba na ramani ya Afrika, nasema kwa heshima kabisa: wamejaa. Kila duka la kitenge kuanzia Arusha hadi Mtwara lina mmoja. Kuna pia ugonjwa wa kuchukua alama za Adinkra za Ghana, nzuri sana kwao zenye maana zao, na kuzipachika kwenye biashara ya Morogoro. Au mnyama wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alisaini michoro yake kwa jina lake, na leo jina hilo ni la mtindo mzima unaochorwa na mamia ya watu. Ukiweka ndege wa Tingatinga kwenye lebo yako, mteja ataona duka la watalii, hatakuona wewe.

Wateja wako wameshakuchagulia: matone. Huhitaji kubuni kitu kipya, unahitaji kukishika hicho vizuri. Lakini usichukue tone la mtandaoni, maana hilo ni la kila mtu, hata la mabomba ya maji. Chukua karatasi nyeupe, chovya brashi ileile unayotumia kwenye nta ndani ya wino mweusi, dondosha matone kama unavyodondosha kazini. Dondosha kurasa nyingi. Kisha chagueni na wadogo zako yale yenye mkono wenu, pengine mawili, pengine matatu yanayoegemeana. Msanifu mzuri atayachukua hayo, atayasafisha bila kuyapoteza, na ataandika jina pembeni kwa herufi nene zilizotulia. Mwandiko wa kujikunja uache kwenye kadi za harusi.

Rangi usijichoshe nayo. Batiki zako tayari zina rangi zote, na hakuna vipande viwili vinavyotoka sawa. Nembo ikija na rangi zake nne itagombana na kila shuka. Rangi moja ya giza, nyeusi au buluu ya nili, juu ya kitambaa cha marekani kisichopaushwa. Mabaki ya marekani unayo hapo kibandani, kata lebo za kushonea, gonga muhuri kwa wino wa kitambaa, pitisha pasi ya moto ili ushike. Wino wa kawaida wa ofisini utaondoka likifuliwa mara ya kwanza.

Jina ndilo ningelipia kwanza. Majina matatu kwa biashara moja ni mlango wenye kufuli tatu. Fikiria mteja wa Dodoma: amekuona Instagram kwa jina moja, anataka kulipa, simu inamwonyesha jina la mtu asiyemjua. Anasita. Wengine wanaghairi kimya kimya, na wewe hutajua. Chagua jina moja linalotamkika kwenye simu bila kuulizwa "unaandikaje?", lenye neno la kwenu, lisiloishia na Creations wala Designs. Kisha lipa namba, Instagram na BRELA vyote viseme hilohilo.

Sasa hela. Laki nane na nusu si wizi, inategemea humo ndani mna nini. Kama mna barua zenye kichwa, bahasha, kadi za biashara na kitabu cha kurasa arobaini cha kanuni za chapa, hicho ni chakula cha benki, si chako. Mwambie akupe bei ya vitu vinavyogusa mkono wa mteja: alama, jina lililoandikwa, lebo, kadi ya kuning'iniza, na namna ya kupiga picha za Instagram. Muulize kama atakuja Kihonda kuona mnavyofanya kazi. Akisema si lazima, tafuta mwingine. Na wa elfu arobaini wa kesho, muulize swali moja tu: nitapata faili ya vekta, ile inayokuzwa au kupunguzwa bila kuharibika? Ukipewa JPEG peke yake hujapewa kitu cha kuchapia.

Mkataba uwe hata wa ukurasa mmoja, lakini uwepo. Uandike nani mmiliki wa mchoro malipo yakikamilika, marekebisho ni mara ngapi, na faili gani unakabidhiwa: SVG au PDF ya vekta, PNG isiyo na mandhari ya nyuma, toleo la rangi moja, na majina ya fonti zilizotumika.

FundiFremu

Msanifu kaongea. Mimi nachapa fulana na mifuko, niongeze ya upande wetu.

Kila rangi kwenye nembo ni fremu yake ya kuchapia na kupanga kwake. Mtu anakuja na nembo ya rangi tano anataka mifuko hamsini, nikimtajia bei anadhani namwonea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wafanyabiashara wadogo wengi wamehamia mifuko ya kaki, na kaki hula rangi. Njano inapotea kabisa, na waridi inakuwa kama udongo. Nyeusi au buluu nzito inasimama vizuri. Kwa hiyo hiyo rangi moja ya giza uliyoambiwa, shika hapohapo.

Darizi nayo: herufi zikiwa chini ya milimita tano au sita kwa urefu, uzi unazifunga, hazisomeki. Kabla hujamlipa msanifu mwambie akuchapishie nembo kwa upana wa kidole gumba, kwa nyeusi tupu, kwenye karatasi ya kawaida. Ukiisoma ukiwa umesimama hatua moja mbali, ipo sawa.

MamaBatiki_Moro

Mungu awabariki. Wazo la kibao cha nta limenikosesha usingizi, sijui kwa nini halikunijia, na vibao nachonga mwenyewe kila siku.

Swali langu sasa ni hili: nikishaweka alama na mtu akaiiga kwa kibao chake, nina ulinzi gani? Si nimeshasajili BRELA?

ShangaziWaSheria

Mwanangu, hapo wengi huchanganya. Ulichosajili ni jina la biashara. Hicho kinakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, hakikupi haki ya kumzuia mwingine kuliweka kwenye mashuka yake. Ulinzi wa nembo ni usajili wa alama ya biashara, nao pia unafanyika BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Ukisajiliwa, ni miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa. Vitambaa na mashuka ni daraja la 24, nguo ni la 25, mikoba iko la 18. Kila daraja lina malipo yake, kwa hiyo kama hela ni kidogo anza na la 24, ndiko riziki yako iliko.

Ulisema kuna duka Mji Mkongwe linalochukua mzigo wako. Usajili wa BRELA unaishia Bara. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, na huko unaomba upya. Watu wengi hugundua hili wakiwa wameshachelewa.

Na lile la Canva: michoro ya maktaba yao hairuhusiwi kutumika kama alama ya biashara, kwa sababu ni ya wote. Yule mwanamke mwenye kilemba usingeweza kumlinda kamwe. Matone utakayodondosha mwenyewe ni yako. Zile karatasi za majaribio zihifadhi na uziandike tarehe, siku moja zinaweza kuwa ushahidi.

MzeeWaSoko

Mama, hapo kwenye lipa namba nakubali. Mimi mwenyewe jina likija tofauti huwa napiga simu kwanza.

MamaBatiki_Moro

Asanteni wote. Jumamosi tunadondosha matone na wadogo zangu, na mpwa wangu nimemwita, yeye ndiye atakayezipiga picha karatasi. Msanifu, naweza kukutumia uone yapi yana uhai? Nitalipia muda wako.

MsanifuTanga

Tuma dada, kuangalia sikutozi. Piga picha mchana kivulini, kamera ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja, isiinamie upande. Na kwenye WhatsApp itume kama nyaraka, usiitume kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na kingo za matone zinapotea, na kingo ndizo ninazotaka kuziona. Weka pia picha moja ya matone uliyogonga kwa kibao chenye nta halisi kwenye kipande cha marekani. Nikiona nta inavyosambaa kwako nitajua unene wa kuanzia.